Shajara ya mradi: bundi wa Kibale na ndege wanaolala

Septemba 9

Nimefika Kanyawara, kituo cha utafiti ndani ya msitu wa Kibale, Uganda, jana magharibi kwa bodaboda kutoka Fort Portal, begi la nguo limekaa kwenye tangi mbele ya dereva, sanduku la vifaa nimelipakata mimi. Matope hadi kwenye nyusi. Vibali vyote viwili ninavyo, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na cha Mamlaka ya Wanyamapori, kwa hiyo leo kazi imeanza, na shajara hii nayo imeanza. Msimamizi wangu hataki ripoti iliyoandikwa kwa kukumbuka.

Swali la mradi kama lilivyo kwenye andiko: usiku, bundi wa msituni wanakamata ndege wadogo kwa kiasi gani, na ni ndege gani? Njia: kuokota vidonge chini ya miti wanakolala bundi mchana, kuvifungua, kuhesabu mifupa. Miezi minne. Ukilisoma ofisini unaona kazi nyepesi kabisa.

Kwa asiyevijua vidonge hivyo: bundi humeza windo dogo zima zima. Nyama inayeyuka, mifupa, manyoya, kucha na magamba ya wadudu vinabaki kwenye firigisi, vinabanwa kuwa donge, na bundi analitapika kabla hajala tena. Asidi ya tumbo lake ni dhaifu kuliko ya mwewe, ndiyo maana mifupa hutoka mizima. Unaweza kupata fuvu la panya na meno yake yote. Kwetu Muheza, Tanzania, nilikuwa nikiokota vidonge vya yule bundi mwenye uso mweupe kama sahani, anayelala kwenye dari za majengo ya zamani. Vyeusi, vikavu, vinang'aa kama vimepakwa vanishi. Nikajua na vya huku vitakuwa hivyo.

Septemba 12

Nimepata mwenzangu wa kazi. Ni mzee wa kijiji cha jirani, amewatembeza watafiti msituni humu kwa miaka mingi, na ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kilembe, upande wa Kasese. Huko watu walitoka kila pembe na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Chake ni kile cha mgodini: ngeli hazimsumbui hata kidogo, lakini hakuna jambo linalomshinda kulisema.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza empaako yangu. Watooro hawasalimiani mpaka wajue empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu hupewa kutoka kwenye orodha fupi ya majina wanayochangia watu wote. Yake ni Araali. Mimi sina. Akanitazama juu hadi chini kama anayepima nguo, akasema, "Sasa wewe ni Abwoli. Mtu bila empaako tutaiita namna gani huko porini, wewe-wewe?"

Basi mimi ni Abwoli, na yeye ni Mzee Araali.

Septemba 16

Maskani ya kwanza! Iko kwenye sehemu ya msitu ambayo haijawahi kukatwa mbao kibiashara, ile watafiti wanayoiita K-30. Bundi wawili, dume na jike, wamelala bega kwa bega kwenye zonge la matambazi, kama mita 10 juu, karibu na shina la mbula. (Mti huu kwetu Usambara tunauita hivyo. Nilipouona hapa nilitaka kuupa mkono.) Tusingewaona kama si kinyesi cheupe juu ya majani ya chini.

Ni bundi wa msituni, Strix woodfordii. Hana yale manyoya yanayosimama kama masikio. Kichwa mviringo, macho ya kahawia iliyoiva, mdomo wa njano, kifua kina mistari ya kahawia na nyeupe. Uzito wake hauvuki sana gramu 300, yaani mzigo wake wote ni kama embe moja. Usiku hulia kwa kupokezana: dume anatoa mkupuo wa haraka, *hu-hu, hu-hu-hu-hu*, jike anajibu kwa sauti moja ya juu, ndefu. Waganda humwita bundi ekiwuugulu, na ukilitamka polepole unasikia mlio wenyewe.

Misitu hii ya magharibi ina bundi wengine pia. Yupo kibundi mwenye kifua chekundu, Glaucidium tephronotum, mdogo kuliko njiwa, anayewinda hata mchana. Yupo na bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya, Bubo poensis, ambaye ndugu yake wa karibu yuko kwenye milima ya kwetu. Lakini huyu wa kati ndiye anayesikika kila usiku, ndiye nitakayemfuata.

Septemba 24

Siku nane, vidonge vitatu. Vitatu!

Tatizo sasa nalijua. Kwenye dari la Muheza kidonge kinakaa miezi. Hapa kinaangukia majani mabichi, mvua inakinyeshea alasiri, kesho yake ukungu mweupe umeshakivaa, keshokutwa mbawakawa na viwavi vya nondo wamekigawana. Unachokuta ni kijivumbi na miguu miwili ya panzi. Tumetandika turubai chini ya mbula, limeinamishwa kidogo maji yapite, na Mzee analipitia kila alfajiri kabla ya chai.

Vile vitatu nilivianika kwenye sinia juu ya meza ya kambi. Usiku wakaja siafu. Nilishtushwa na kuumwa kidole cha mguu, nikaruka nje, na ndani wao wakapita chumba chote kwa mpango wao, kutoka mlangoni hadi dirishani, kupitia mezani. Asubuhi sinia ilikuwa safi kuliko nilivyoinunua. Kwa hiyo hadi leo idadi yangu ni sifuri. Miguu ya meza sasa imesimama ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo.

Oktoba 1

Matembezi ya usiku ya kwanza, saa mbili hadi saa sita, na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya tembo. Tembo wa msituni usiku humsikii. Unachosikia ni kimya cha ghafla pale nyenje walipokuwa wakilia.

Nimejifedhehesha. Nikaona macho mawili mekundu juu ya mti, nikashika daftari, nikaandika saa, urefu, aina ya mti, nikanong'ona, "Mzee, bundi!" Mzee hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ngoja." Macho yakaruka mita tatu kwenda kushoto.

"Bundi hairuki hivyo. Hii ni komba."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni nzuri. Macho ya bundi yamekazwa kwenye fuvu, hayazunguki. Akitaka kutazama pembeni lazima ageuze kichwa kizima, na ana pingili 14 za shingo za kumwezesha kukipeleka karibu robo tatu ya duara. Sisi tuna 7. Kwa hiyo macho ya bundi kwenye mwanga wa tochi hugeuka polepole na kwa pamoja, au huzimika. Yakichezacheza, andika komba. Mstari nimeukata, lakini nimeuacha usomeke.

Oktoba 5

Unyoya wa bawa, chini ya mbula. Nimekaa nao nusu saa nzima.

Ukipitisha kidole kwenye ukingo wake wa mbele unakutana na meno, mstari wa vijino laini vilivyopinda kama vya kichana cha mtoto. Juu ni mahameli: unabonyea kidogo kabla kidole hakijagusa unyoya wenyewe. Ukingo wa nyuma umechanikachanika kuwa nyuzi, kama pindo la kanga kuukuu. Mambo haya matatu ndiyo yanayoua sauti ya upepo bawa linapopita, na Mwingereza mmoja, Graham, aliyaeleza hivyo tangu 1934. Nikaupunga karibu na sikio, hakuna kitu. Nikaupunga unyoya wa kanga wa msituni, ukavuma *fyuu*. Mzee akafanya vilevile, mara tatu, macho ameyafumba. Akaniomba ampelekee mjukuu wake. Ilibidi nikatae, ni sampuli. Sijajisikia vizuri tangu hapo.

Oktoba 13

Rundo la manyoya kwenye njia, kijani na manjano hafifu, ya shore mdogo. Nikapiga picha kumi na moja. Moyoni nimeshaandika: bundi, ushahidi wa kwanza.

Mzee akachuchumaa akaokota moja baada ya jingine na kuangalia vikonyo. "Kanu ikikula ndege, inakata na meno. Unaona hii? Imevutwa nzima." Kweli. Mnyama hung'ata, kikonyo kinakatika. Ndege mwindaji huvuta kwa mdomo, kikonyo kinatoka kizima. Basi si kanu. Lakini si lazima awe bundi. Shore wa ukubwa huu bundi anaweza kumbugia mzima au kumkata kichwa kwanza. Kukaa chini na kumnyonyoa unyoya mmoja mmoja kama mama anayeandaa kuku wa sikukuu ni tabia ya wale wa mchana, kipanga na jamaa zake. Tena rundo lilikuwa kavu na usiku mvua ilinyesha. Limefanyika leo asubuhi, baada ya jua kutoka.

Picha kumi na moja za kesi ya mtu mwingine.

Oktoba 20

Vidonge 17 vizima sasa, kutoka maskani mbili. Nimemaliza kuvifungua vyote, kwa maji ya uvuguvugu, kibano na mswaki wa zamani.

Mbawakawa, mbawakawa, mbawakawa. Magamba ya mabawa yao meusi na ya zambarau, yanang'aa kama vipande vya chupa. Miguu ya nyenje. Taya za panzi. Vidonge vitatu vina taya za virukanjia (wale kama panya wenye pua ndefu), kimoja kina mifupa ya chura. Ndege: hakuna. Hakuna hata unyoya.

Nilipaswa kulitarajia. Imeandikwa popote anapoelezwa bundi huyu kwamba chakula chake kikuu ni wadudu na kwamba ndege ni nyongeza. Nilisoma, nikaliruka, kwa sababu "bundi muuaji wa ndege" lilikuwa limeshaniingia kichwani tangu utotoni, bibi akitufungia dirisha bundi akilia. Nimemwandikia msimamizi. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: *Kama hawaliwi, wanafanya nini ili wasiliwe?*

Oktoba 22

Mvua siku nzima. Nimelala.

Oktoba 28

Swali jipya basi: ndege wadogo wanalala wapi, na kwa nini hapo?

Ndege aliyelala hafanani na ndege. Ni donge la pamba lenye mkia. Amejivimbisha manyoya, kichwa kimezama mgongoni hata huoni mdomo, na amekaa mwisho kabisa wa kijiti, pale ambapo hata upepo mdogo unamning'iniza. Mara nyingi kijiti chenyewe kimetokeza juu ya njia au juu ya kijito. Usiku wa kwanza tulipita chini ya watano bila kuwaona, tukawaona wakati wa kurudi. Wanalala mita mbili kutoka ardhini, usawa wa kichwa cha askari, na mchana mtu huwezi kuwasogelea hata hatua kumi.

Tunafanya hivi. Usiku tunatumia tochi nyekundu, hatusogei zaidi ya mita tano, tunafunga utepe kwenye mti wa jirani na kuondoka. Asubuhi ndege akishakwenda zake tunarudi na kalipa na futi: unene wa kijiti, urefu kutoka chini, umbali hadi tawi kubwa, kama kuna jani juu yake au hakuna.

Novemba 6

Sehemu 31 za kulala zimepimwa. Kati ya hizo, 26 ni vijiti vyembamba kuliko penseli, na 22 zina jani pana juu, kama mwamvuli.

Hapa ndipo panaponinyima usingizi, kwa raha. Kijiti chembamba nakielewa. Nyoka akija, kanu akija, poto, yule jamaa wa komba, akija na ule mwendo wake wa kunyata, lazima apite juu ya kijiti, na kijiti kinatetemeka. Ni kama kulala na kamba imefungwa mguuni. Lakini bundi hapiti juu ya kijiti. Anatoka hewani, na bawa lake halina sauti. Kijiti chembamba kwa bundi hakisaidii lolote; pengine kinamweka ndege peupe zaidi. Jani la juu ndilo la bundi, na la mvua. Ndege mmoja ana maadui wawili wanaotaka kinga mbili tofauti, na amezipata zote mbili penye kijiti kimoja.

Kisha kuna masikio. Roger Payne, na baadaye Masakazu Konishi, walionyesha kwamba yule bundi mwenye uso mweupe anaweza kumkamata panya katika chumba chenye giza totoro kwa kusikia tu. Panya anatembea, anakwaruza, anatafuna. Ndege aliyelala hafanyi hata kimoja. Sikio bora kuliko yote halina cha kusikiliza.

Nilimweleza Mzee haya yote tukila kikomando, yaani chapati na maharage, kibandani. Akamaliza maharage kwanza. Akasema: "Kilembe, taa ikizima chini, mwenye kukimbia ndiye anaanguka shimo. Mwenye kukaa, wanamkuta."

Upande uliokatwa mbao miaka ya 1960, K-15, bado hatujaugusa. Kule mianya imejaa acanthus yenye miiba na mabingobingo, vijiti vyembamba vyenye jani pana juu ni vichache. Wanalala wapi? Hilo ni la wiki zijazo.

Novemba 8

Jambo la mchana, nalitia hapa kwa sababu limenifurahisha. Mzee anaiga mlio wa kibundi kwa midomo, filimbi zinazofuatana, na kabla hujahesabu hadi hamsini kichaka kimejaa: chozi, shore, kurumbiza mmoja mwenye hasira kuliko wote, wanarukaruka wakipiga kelele na kumtafuta adui wamfukuze. Wale wale ambao usiku hawapumui! Mchana wanajua alipo, tena wako wengi, na siri ya bundi inaisha akishaonekana. Nimemwomba asirudie mahali pamoja. Ndege wakiitwa kila siku kwa adui asiyekuwepo wanapoteza muda wa kula.

Novemba 17

Senene wameshuka. Fort Portal mjini watu wamesimamisha mabati na taa kali, mapipa yamejaa, na hapa kambini tumewafuata kwenye taa ya veranda kwa ndoo. Jioni tumekaa kwenye mkeka mimi, Mzee, na binti yake mkubwa, tunachambua: mabawa huku, miguu huku, mwili kwenye sufuria. Kitunguu, chumvi, mafuta yao wenyewe. Sebule nzima inanukia.

Asubuhi nimefungua vidonge viwili vya jana. Miguu. Miguu mirefu ya kijani na kahawia, yenye vijiba vyake, kama ile iliyokuwa kwenye ungo wetu. Nilizipanga pande mbili kwenye karatasi, ya bundi na ya Mzee, nikampigia picha. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi natoa miguu kabla," akasema, "yeye anatoa baadaye."

Novemba 21

Kidonge namba 20, maskani ya pili: fuvu dogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba, na mdomo mwembamba uliopinda. Chozi. Kuna na kipande cha kidari chenye ule mwinuko wa katikati, kwa hiyo hakuna shaka. Ndege wa kwanza baada ya wiki kumi. Nimeandika kwa wino, si penseli.

Novemba 25

Kijijini kuna familia imefiwa na bibi yao. Bundi amekuwa akilia kwenye mparachichi wa uwanjani kwa usiku kadhaa kabla ya msiba, na kijana mmoja wa nyumba hiyo amekuja na panga kuukata mti. Mzee akanichukua. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu panya na wadudu. Mzee hakunipa nafasi. Tulikaa matangani saa mbili, tukatoa rambirambi, tukanywa chai. Wakati wa kuaga ndipo akamwambia yule kijana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeupanda mti ule, na kwamba bundi amekuja kufuata panya wa ghala la mahindi, ghala lenyewe halina mlango. Kijana akanyamaza. Mti umebaki hadi leo. Mlango sijui.

Desemba 4

Naandika hii saa nane usiku. Sitaki kuilalia.

Tulikuwa K-30, mwezi mchanga umeshazama. Shore mdogo, yuleyule wa utepe namba 14, anayelala kwenye kijiti kilekile juu ya kijito tangu mwisho wa Oktoba. Nilitaka picha moja nzuri ya jani la juu kwa ajili ya ripoti. Nilikuwa mita tano. Nikajiambia mita tatu haitadhuru. Gambuti langu likateleza kwenye jiwe, nikashika mche wa karibu, na mche ule ulikuwa umeshikana na kijiti chake kwa tambazi ambalo sikuliona.

Kijiti kikatetemeka. Akafanya kile ambacho kijiti kile kimechaguliwa kumfanyia: akaamka na kuruka papo hapo, gizani, bila kujua anakwenda wapi. Nilisikia bawa lake likigonga majani ng'ambo ya kijito. *Prrr, prrr.* Kisha mahali pale pale kivuli kilipita mbele ya tochi ya Mzee, kutoka kulia kwenda kushoto, hakina sauti yoyote. Mlio mmoja mdogo. Basi.

Askari alisema "Mungu wangu." Mzee alizima tochi yake, tukasimama gizani kama dakika moja. Dume akaanza kuimba kule kwenye mbula. Jike hakujibu.

Wiki kumi na mbili nimetaka kuliona jambo hili, na nimeliona kwa sababu nililisababisha.

Desemba 5

Nimemwandikia msimamizi, bila kupamba. Anasema kanuni iwe mita nane na picha zipigwe asubuhi. Amesema pia nilipaswa kuijua kanuni hiyo. Ni kweli.

Desemba 6

Turubai la mbula, alfajiri. Kidonge namba 23. Manyoya ya kijani yameshikana na magamba ya mbawakawa, mdomo mfupi mnene wa shore, miguu yote miwili mizima, vidole vimekunjika. Siwezi kuapa kuwa ni wa namba 14. Utepe wa namba 14 tumeupitia usiku mbili, kijiti kiko wazi.

Kwa hiyo vidonge 23, ndege wawili, na mmoja kati ya hao wawili ni kazi ya gambuti langu. Nikimhesabu, nimeongeza mara mbili idadi ya ndege wanaoliwa na bundi katika msitu huu. Nikimtoa, nimeficha windo pekee nililoliona kwa macho.

Nilimsomea Mzee Araali safu za jedwali: tarehe, maskani, aina ya windo, sehemu ya mwili, chanzo. Akaniuliza hiyo ya mwisho maana yake nini. Nikamwambia ni pale tunapoandika windo limetoka wapi, kama tunajua.

"Basi andika," akasema.

Nimeandika kwenye safu ya chanzo: *sisi*. Hesabu itatolewa mara mbili, akiwemo na asipokuwemo, na maelezo kamili ya usiku ule yataingia kwenye ripoti.

Kesho K-15. Betri za vinasa sauti zibadilishwe, mafuta ya taa ya makopo yameisha, na Mzee anahitaji gambuti mpya namba 9. Langu la kushoto linavuja.